Hawker alizaliwa kwanza, "hawk" ikafuata

Naandika kutoka Mountain View. Kwa wageni wa ukurasa huu: hii si Mountain View ya California waliko Google. Ni ile ya Waiyaki Way, Nairobi, jirani yake Kangemi, ambako intaneti ikikatika hakuna mhandisi wa Google atakayekuja kuchungulia nguzo. Kwa kawaida hapa huzungumzia programu, simu na vijimambo vya kompyuta. Leo nataka tuongee juu ya neno moja la Kiingereza. Msikimbie, kompyuta zitaingia baadaye.

Neno lenyewe ni "hawk", yaani kuuza vitu kwa kuvitembeza barabarani. Nairobi tumelichukua mzima mzima na kulivika Kiswahili: nahawk, anahawk, tulikuwa tukihawk. Nimelifuatilia kwa sababu ya kazi, maana nililazimika kulitafsiri ndani ya programu, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoona kuwa halina tabia ya vitenzi vya kawaida. Vitenzi vingi huzaa watu: pika ikazaa mpishi, linda ikazaa mlinzi. Hiki kilizaliwa na mtu. Na jambo hilo, ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni la walimu wa lugha tu, linaweza kumnyima mtu mkopo. Nitaeleza.

Neno lilitoka wapi

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Kiingereza kina "hawk" tatu. Ya kwanza ni ndege, mwewe, na hilo ni neno la Kiingereza cha kale. Ya pili ni kusafisha koo kwa kelele kabla ya kutema, na inasemekana imeiga sauti yenyewe. Ya tatu ndiyo hii yetu ya kuuza. Hazina undugu. Ni kama "kaa" yetu: kuna kaa la moto, kuna kaa wa baharini na kuna kaa kitako. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekueleza kwamba hawker huitwa hivyo kwa sababu anavizia wateja kama mwewe anavyovizia vifaranga, msikilize kwa adabu, kisha umwambie hapana.

"Hawker" liliingia Kiingereza yapata miaka 500 iliyopita kutoka lugha ya wafanyabiashara wa kaskazini mwa Ujerumani, ambako muuzaji mdogo aliitwa höker. Wajuzi wa asili za maneno hulihusisha neno hilo na kubeba mzigo mgongoni au na kuchuchumaa. Hebu simama dakika tano pale chini kwenye barabara ya Tom Mboya jioni uangalie. Huyu amechuchumaa mbele ya gunia la parachichi. Yule amebeba begi la soksi mgongoni. Neno lilisafiri kutoka Ujerumani, likapitia Uingereza, likavuka bahari, na bado linawaeleza watu wale wale kwa mikao ile ile.

Sasa utamu wenyewe. Waingereza walipolipokea "hawker", masikio yao yalisikia "-er" mwishoni. Kwao "-er" ni alama ya mtendaji: "baker" ni yule anayeoka, "singer" ni yule anayeimba. Wakapiga hesabu ya haraka: kama kuna "hawker", basi lazima kuna kitendo kinachoitwa "hawk". Wakakata mkia, wakapata kitenzi.

Hawakufanya hivyo mara moja tu. "Peddle", kitenzi kingine cha uchuuzi, nacho kilikatwa kutoka kwa "peddler". "Burgle", kuvunja nyumba na kuiba, kilitoka kwa "burglar". "Babysit" kilitoka kwa "babysitter". Na kabla hujawacheka, kumbuka kwamba na sisi tunafanya vivyo hivyo. "Kitabu" ni neno la Kiarabu, na "ki" yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Sisi tukasikia "ki" tukasema aha, ki-vi hii, tukapata vitabu. Ndugu zetu wa Tanzania walichukua maneno ya Kiingereza yanayomwambia dereva akae kushoto, wakayafanya kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Lugha ni kama programu ya zamani: ikiona kitu kinachofanana na umbo inalolijua, inakiingiza humo bila kuuliza.

Kuna binamu mmoja wa neno hili ninayempenda. Ni "huckster", lililoingia Kiingereza kitambo zaidi kutoka Kiholanzi cha kale. Mwisho wake, "-ster", ulikuwa alama ya mwanamke. Yaani zamani hizo mtu aliposema neno hilo alikuwa na picha ya mama mwenye kapu. Mama mboga, kwa kifupi. Leo neno hilo limeoza kabisa: ukimwita mtu "huckster" kwa Kiingereza cha sasa umemwita tapeli. Mama mwenye kapu alianza bila kosa lolote, na jina lake likaishia kuwa tusi.

Linganisha na vitenzi vingine vya kuuza. "Sell", kile cha kawaida kabisa, katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kutoa au kukabidhi tu. "Vend" kinatoka Kilatini, kwenye maneno yenye maana ya kukitoa kitu kiuzwe. Hivyo viwili vinaanza na kitendo: kitu kimetoka mkono huu kikaenda ule. "Hawk" na "peddle" vinaanza na mtu, tena mtu maskini.

Kisha sheria ikaingia

Neno linalotaja aina ya mtu ni chakula kitamu kwa serikali, kwa sababu aina ya mtu inaweza kuandikishwa na kutozwa leseni. Uingereza ilitunga Sheria ya Pedlars mwaka 1871 na Sheria ya Hawkers mwaka 1888. Tofauti kati ya wawili hao itakuchekesha. "Pedlar" ni yule anayetembea kwa miguu na bidhaa zake. "Hawker" ni yule anayesafiri na farasi au mnyama mwingine wa kubeba au kuvuta mzigo. Kwa hesabu hiyo, yule jamaa wa kuuza maji kwa mkokoteni wa punda ndiye hawker halisi. Kijana wa soksi hapo taoni, mwenye miguu miwili na begi, angekuwa "pedlar".

Lakini maneno yakisafiri kwa meli huacha masharti yake bandarini. Katika makoloni ya Uingereza "hawker" likawa ni yeyote anayeuza nje ya duka. Likafika Singapore, likafika Hong Kong, likafika Nairobi, mji uliochipuka kutokana na kituo cha reli mwaka 1899.

Na watu wa kuitwa hivyo hawakukosekana. Mwanahistoria Claire Robertson alitoa kitabu kizima mwaka 1997 juu ya biashara ya eneo hili la Nairobi kuanzia 1890 hadi 1990, na wengi wa wahusika wake ni wanawake waliotembea kutoka upande wa Kiambu kuja kuuza maharagwe na vyakula vingine mjini. Wanawake hao walikuwa na majina, mashamba, watoto na hesabu kichwani. Kwa daftari la manispaa walikuwa ama wana leseni ama hawana.

Kanjo

Jina la yule anayewafukuza nalo lina historia. "Kanjo" ni "council" ya Kiingereza iliyopikwa ikaiva. Baraza la Jiji la Nairobi liliondoka mwaka 2013 tulipoingia serikali za kaunti, lakini nenda sasa hivi katikati ya mji upige kelele "kanjo!" uone kama kuna mtu atasimama kukukumbusha kwamba baraza lilivunjwa. Taasisi ilikufa, neno likabaki kwa sababu kitendo kilibaki.

Kama mtu wa programu napenda kuangalia jinsi wauzaji wanavyopanga bidhaa zao. Karatasi ya nailoni, kamba kwenye pembe nne, bidhaa katikati. Ukisikia kelele unavuta kamba mara moja, duka lote linakuwa mfuko, unapotea kwenye uchochoro. Sijawahi kuona mfumo wa kunusuru data unaofanya kazi haraka hivyo. Ni ubunifu wa hali ya juu, ila inauma kufikiri kwamba umetokana na kukimbizwa.

Serikali moja baada ya nyingine imejaribu kuwahamisha. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka 2008 kwa ajili yao, na bado jioni barabara hujaa. Sababu si ukaidi. Mteja wa soksi hasafiri kwenda sokoni kutafuta soksi. Anazikumbuka akiziona, akiwa njiani kuelekea stejini. Kumhamishia mchuuzi mahali ambapo watu hawapiti ni kumwambia aendelee kuwa hawker ila aache kuhawk. Jina tumemwachia, kitenzi tumemnyang'anya.

Mwezi Juni 2025 Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akiuza barakoa katikati ya Nairobi siku ya maandamano, alipigwa risasi kichwani na polisi. Alifariki tarehe 30 mwezi huo huo. Katika habari za siku za kwanza alitajwa mara nyingi kwa kazi yake, hawker, muuza barakoa, kabla ya kutajwa kwa jina. Sisemi kwamba neno ndilo lililompiga risasi. Nasema tu kwamba jiji likishazoea kwa miaka mingi kuwaona watu fulani kama aina ya uchafu wa kufagiwa barabarani, itafika siku ambapo mwenye silaha naye atakuwa amezoea.

Isitoshe, neno lile lile lingeweza kuwa na maisha mengine. Singapore iliwaweka hawkers wake wa vyakula kwenye majengo yenye maji na vyoo, na Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Kule "hawker" ni fahari ya taifa, watalii hupiga foleni. Na hapa kwetu tumeshaona neno likipandishwa cheo: "hustler", ambalo katika Kiingereza cha karne ya 19 liliwahi kumaanisha mwizi, lilibeba kampeni nzima ya urais ya mwaka 2022, na Novemba mwaka huo likapewa mfuko wake wa mikopo. Hawker bado hajapata wa kumpigia kampeni.

Kiswahili kinasemaje?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kufaa.

Cha kwanza ni *kuuza*. Ukiangalia majirani utaona ulikotoka. Kwa Wagiriama kununua ni *kugula*, kuuza ni *kuguza*. Kwa Wanyarwanda kununua ni *kugura*, kuuza ni *kugurisha*. Mnaona mchezo? Kuuza ni kusababisha mtu anunue, kama vile kulaza ni kusababisha mtu alale na kujaza ni kusababisha kitu kijae. Kiswahili sanifu kimeshika *nunua* kwa upande mmoja na kubakiza *uza* upande wa pili, kwa hiyo hatuuoni tena undugu huo, lakini mifupa yake iko pale. Mzungu wa kale aliposema "sell" alisema anatoa. Mhenga wetu aliposema kuuza alisema anamfanya mwenzake anunue. Mnunuzi yumo ndani ya kitenzi tangu mwanzo.

Cha pili ni *kuchuuza*, kuuza rejareja. Ndicho magazeti na redio zetu hupenda: wachuuzi, wachuuzi, kila siku wachuuzi. Mchuuzi ametokana na chuuza kama mjenzi alivyotokana na jenga. Kitendo kwanza, mtu baadaye.

Cha tatu ndicho kinachokaribia "hawk" kuliko vyote: *kutembeza*. Kutembeza bidhaa ni kuzifanya zitembee. Yaani mteja amesimama alipo, na bidhaa zinamfuata kwa miguu ya mtu mwingine. Waganda walipokipenda kitenzi hiki wakapata *abatembeeyi*, jina la wachuuzi wa barabarani wa Kampala. Rwanda wao wanasema *abazunguzayi*, wale wanaozungusha. Watanzania wana machinga, na asili yake inabishaniwa: wengine wanaitaja jamii ya Wamachinga wa Lindi, ambako vijana wengi walitoka kwenda Dar es Salaam, na wengine wanatania kwamba ni Kiingereza cha kijana anayetembea kwa hatua za askari. Ubishi huo siuingii, ila hata huo utani unakubali kwamba jambo kuu ni kutembea.

Basi ukimweleza mtu kwa Kiswahili chema unamwambia anachofanya. Leo anatembeza, kesho anaweza kufungua duka, kesho kutwa akaajiriwa. Ukimwita hawker umemwambia alivyo.

Jedwali la watu na jedwali la mauzo

Haya, kompyuta niliyowaahidi hii hapa.

Wakati fulani nilifanya kazi ya kandarasi kwa kampuni moja ya mikopo ya simu, jina kapuni. Kazi yangu ilikuwa kujenga sehemu ya kuandikisha wateja wafanyabiashara na kuitafsiri kwa Kiswahili. Nikaletewa orodha ya kuchagua, chini ya kichwa "Aina ya mteja": mwenye duka, mwenye kibanda, mwajiriwa, hawker. Mteja anachagua moja tu. Nikauliza orodha hiyo inafanya kazi gani huko ndani. Nikaambiwa bila kificho: inaingia kwenye hesabu ya alama za mkopo, na ukichagua hawker alama zinashuka kabla hata hatujajua unauza nini.

Kwa wasioandika programu, nieleze kidogo. Kuna njia mbili za kuiweka biashara ya mtu ndani ya kompyuta. Njia ya kwanza ni jedwali la watu: safu ya jina, safu ya simu, na safu inayosema huyu ni nani. Njia ya pili ni jedwali la mauzo: tarehe, saa, mahali, kiasi. Kila mstari ni tukio moja. Jedwali la kwanza limejengwa kwa nomino, la pili kwa vitenzi. La kwanza hujazwa mara moja na kusahauliwa. La pili linaongezeka kila siku.

Sasa ajabu ni kwamba jedwali la pili tayari lipo mifukoni mwetu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na hasa wauzaji wadogo walipoanza kulipwa kwa till na kwa Pochi la Biashara, kila ndizi inayolipiwa kwa simu huacha ujumbe wenye kiasi, tarehe, saa na dakika. Mwenye duka anaweza kukaa na milango wazi mwezi mzima bila mteja. Anayetembeza soksi anaweza kuuza jozi arobaini kabla ya saa mbili usiku. Ukisoma jedwali la watu, mwenye duka ndiye mteja mzuri. Ukisoma jedwali la mauzo unaweza kubadili mawazo.

Nilikwenda kuijaribu fomu hiyo kwa watu halisi, na sikwenda mbali. Kuna mama anayeuza matunda hapa kwetu, karibu na njia ya kwenda Kangemi. Nikamwamkia, nikamwonyesha simu, nikamwomba achague. Akasoma orodha yote kwa utulivu, akaisoma tena, akanirudishia simu.

"Kijana wangu, mimi sipo hapa."

Nikamwambia, "Mama, labda hapo penye hawker."

"Mimi si hawker. Mimi nauza ndizi."

Akaendelea kupanga ndizi zake. Kwa maneno yale machache alikuwa ameeleza tofauti niliyokuwa nimehangaika nayo kwenye karatasi wiki nzima. Aliambiwa achague nomino, akajibu kwa kitenzi.

Nilipeleka pendekezo: tuondoe safu ya aina ya mteja, tuweke swali "Unauza nini?" na "Unauzia wapi?", na alama zitokane na mauzo yenyewe. Mkutano ulikuwa mrefu. Wenye kampuni walisema, na nawapa haki yao, kwamba mtu asiye na mahali pa kudumu ni vigumu kumpata akikwama kulipa. Hiyo ni hoja ya kweli. Lakini hapo kinachopimwa ni mahali, basi tupime mahali. Yule mama amekaa pembe ile ile miaka mingi kuliko maduka mawili yaliyo nyuma yake. Tuliafikiana nusu kwa nusu. Maswali yangu mawili yaliingia, mauzo yakapewa uzito kwenye alama, na ile safu ikabaki lakini kwa takwimu tu. Kandarasi iliisha, nikaondoka. Kama wameirudisha kwenye alama tangu siku hiyo, mimi sina funguo za kuingia kuangalia.

Ningewaomba wenzangu wa fani hii jambo moja. Tunapofundishwa kubuni hifadhidata, mwalimu hutuambia tutafute nomino kwenye maelezo ya mteja, kila nomino iwe jedwali. Ni ushauri mzuri wa kuanzia. Lakini nomino nyingine ni hukumu iliyokwisha kutolewa na mtu mwingine, mahali pengine, karne nyingine, kwa ajili ya leseni ya farasi. Ukiiingiza kwenye mfumo bila kuihoji, umeipa hukumu hiyo kasi ya kompyuta.

Chema chajiuza?

Kabla hamjaniona nakisifu Kiswahili kupita kiasi, kuna methali inayonitazama kwa jicho kali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitenzi vyangu viwili hivyo, *uza* na *tembeza*, vimewekwa ulingoni, na *tembeza* kapigwa. Hata wahenga wetu, basi, waliona kutembeza ni dalili kwamba kitu hakifai.

Pengine methali hii ilitungiwa mahali ambapo kila mtu alimjua kila mtu. Kijijini, mwenye asali nzuri hahitaji kupiga kelele. Habari zinatembea zenyewe. Nairobi ni mji wa mamilioni ya watu na hakuna anayejua asali yako. Chema kisipotembezwa kinaharibikia ndani.

Na hakuna watu wanaoiamini methali hii kama sisi watu wa programu. Tumelelewa na imani kwamba ukiandika msimbo safi watumiaji watakuja wenyewe. Nina wenzangu wenye programu nzuri sana ambazo zina watumiaji wanne, na wawili kati yao ni mama na dada. Huku kijana wa soksi anajua ni saa ngapi watu hutoka kazini, stejini wanasimama upande gani, mvua ikikaribia auze nini. Soksi zinaingia begini, miavuli inatoka. Ni utafiti wa soko kila siku, bila slaidi hata moja. Sisi tukifanya kazi hiyo hiyo kwenye ukumbi wa hoteli Westlands, na projekta, tunapewa jina zuri la Kiingereza na chai ya bure. Hakuna anayetuita hawkers.

Siku hizi nina kiprogramu changu cha kuweka hesabu za wauzaji wadogo, na Jumamosi huzunguka nacho soko la Kangemi, kibanda kwa kibanda, simu mkononi. Wengine hunifukuza, wengine husema nirudi wateja wakipungua, wengine hukaa nacho. Juzi muuza viatu mmoja aliniuliza, "Buda, na wewe unatembeza nini?" Nilimjibu natembeza programu. Akanisogezea kigoda.

Nina ombi kwenu. Nakusanya majina ya kazi hii kutoka kila pembe ya Uswahilini. Ya Nairobi, Dar, Kampala na Kigali ninayo. Kama uko Mombasa, Goma, Bujumbura au Muscat, niandikie hapo kwenu wanasemaje, na muhimu zaidi, niambie kama neno lenyewe linataja mtu au linataja kitendo.

Haya, narudi kwenye msimbo.